Maji huingilia kwenye "kwa hiyo"

Kati ya Mei 15 na Agosti 15, 2024, upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika ulifungwa ili samaki wapumzike na kuzaliana. Mitumbwi ilipandishwa mchangani, chanja za kuanikia dagaa zikabaki miti mitupu, na pale mwaloni Kibirizi kilichoendelea kuvuliwa bila kibali ni hoja. Kijiweni kwetu Ujiji, kahawa chungu na kashata vikizunguka, nilisikia katika miezi ile mitatu karibu kila aina ya hoja mbovu ambayo wanafalsafa wameipa jina tangu Aristotle, aliyeorodhesha aina 13 zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Nyingine nilizitoa mwenyewe, kwa sauti kubwa.

Wengi hudhani hoja mbovu ni hoja yenye uongo ndani yake. Mara nyingi sivyo. Fundi wa mitumbwi atakwambia kwamba chombo huzama mbao zake zikiwa nzima kabisa. Maji huingilia kwenye maungio, pale kalafati ilipolegea. Hoja nazo ni hivyo. Anayebishana nawe anaweza kukupa jambo la kweli, ukalikagua ukaliona ni kweli, halafu akakupa jambo la pili ambalo halitokani na la kwanza, na wewe ukalimeza kwa sababu la kwanza lilikuwa tamu. Ufa uko katikati, kwenye neno dogo la kuunganishia: "kwa hiyo", "basi", "ndiyo maana".

Chukua hoja ambayo watu wengi wa Kigoma wameshakutana nayo, ama ndani ya basi la kwenda Dar es Salaam, ama mbele ya meza ya ofisi fulani. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Muha na Mrundi wakikaa pamoja wanaelewana bila mkalimani. Hiyo ni kweli. Sasa mtu anafungua mdomo, lafudhi inasikika, na msikilizaji anafunga hesabu: Warundi huongea hivi, huyu anaongea hivi, kwa hiyo huyu ni Mrundi. Ipeleke hesabu hiyo sokoni uone inavyochekesha. Kila dagaa ni samaki. Mgebuka ni samaki. Kwa hiyo mgebuka ni dagaa. Mama muuza samaki atakufukuza mezani kwake, ingawa sentensi zako mbili za kwanza hazina kosa hata moja. Vitu viwili kuwa na sifa moja hakuvifanyi kuwa kitu kimoja.

Kuna anayejitetea kwamba lafudhi ni dokezo tu, hajasema ni ushahidi kamili. Sawa, tulipime dokezo lenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu mkoani Kigoma watu zaidi ya milioni 2.4, na wengi wao Kiha ndicho walichonyonya na maziwa. Dokezo linalowagusa mamilioni ya wenyeji halikusaidii kumtambua mgeni mmoja. Ni sawa na kumtafuta mwizi kwa kusema alikuwa amevaa kandambili.

Mimi mwenyewe niliwahi kuulizwa na mtu mwenye mhuri nimwimbie Wimbo wa Taifa. Nikauimba, beti zote mbili, akatabasamu, akagonga mhuri. Nilifika nje nikiwa na furaha, kisha nikaanza kucheka. Kipimo chake kilikuwa na ufa uleule: Watanzania huujua wimbo huu, huyu anaujua, kwa hiyo ni Mtanzania. Mtoto yeyote aliyekulia karibu na uzio wa shule ya msingi anaujua wimbo ule. Niliokolewa na hoja mbovu ileile iliyonitia matatani, na sikurudi ndani kumsahihisha.

Lakini hoja iliyotawala kijiwe mwaka ule ilikuwa ya "tangu". Tangu karabai ziondoke zikaja taa za sola, dagaa wamepungua. Tangu vijana waanze kuingia ziwani bila kuaga wazee, dagaa wamepungua. Tangu kujengwe hiki, tangu achaguliwe yule. Jambo la pili limekuja baada ya la kwanza, kwa hiyo la kwanza ndilo lililolileta. Wahenga waliijibu zamani kwa maneno machache: jogoo awike asiwike, kutakucha.

Ugumu ni kwamba "tangu" si upuuzi kila mara. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga. Mbalamwezi ikitanda, mitumbwi hupumzika kwa sababu taa haiwezi kuushinda mwanga wa mwezi. Kwa hiyo kusema kwamba taa nyingi na kali zaidi zinaweza kuwamaliza dagaa ni dhana yenye miguu, maana njia ya kutoka chanzo hadi matokeo inaonekana. Kisichotosha ni "tangu" peke yake. Miaka ileile taa za sola zilipoenea, mitumbwi nayo iliongezeka, watu wa kulisha waliongezeka, nyavu za matundu madogo zikaingia, na maji ya ziwa yakazidi kupata joto. Kwa nini taa ndiyo ipelekwe mahabusu na wengine wote waachwe huru? Swali la kumuuliza mwenye "tangu" ni jepesi: ile mialo ambako taa hizo zilichelewa kufika, kupungua nako kulichelewa? Kama dagaa walipungua kote kwa wakati mmoja, taa inaanza kupata wakili.

"Tangu" ina ndugu mjanja zaidi, na huyu nitamkalia kitako kwa sababu hula fedha za watu. Mavuno ya dagaa hupanda na kushuka sana, mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, hata pasipokuwa na sababu unayoweza kuinyooshea kidole. Sasa tajiri wa mitumbwi miwili anaenda kwa mganga lini? Haendi akipata wingi, wala haendi akipata wastani. Anaenda baada ya kukosa kupita kiasi, giza zima la mwezi ameambulia mafuta kuungua. Anapewa dawa ya kufunga mbele ya mtumbwi. Giza linalofuata anapata kiasi. Anaapa kwamba dawa imefanya kazi.

Fikiria hapo. Ukipata kipindi kibaya kuliko vyote, kinachofuata kwa kawaida hakitakuwa kibaya kama hicho, kwa sababu hicho ndicho kilikuwa kibaya kuliko vyote. Mambo yanayopanda na kushuka hayakai pembeni kabisa. Hurudi kuelekea katikati yake ya kila siku. Yeyote utakayemwendea ukiwa chini kabisa, awe mganga, nabii wa mahubiri ya usiku au muuzaji wa vidonge vya mitishamba kwenye kipaza sauti, ana nafasi kubwa ya kuonekana amekusaidia, hata kama alichokupa ni majivu. Mwalimu anayechapa darasa lililofeli sana, kisha mtihani wa pili wakafanya afadhali, anaamini fimbo. Kocha anayemfukuza nahodha baada ya vipigo vitano naye anaamini kufukuza. Wote wamepanda daladala iliyokuwa inarudi yenyewe.

Na dawa isipofanya kazi? "Ulivunja masharti." Ikifanya kazi, dawa ni kali, isipofanya, kosa ni lako. Dai la namna hii halina siku ya kushindwa, na kutoshindwa huko ndiko kunakopaswa kukutia shaka. Muulize mwenye dai: nikiona kitu gani, wewe utakubali kwamba ulikosea? Asipokuwa na jibu, hakuna mnachobishania.

Sasa nijigeuzie kisu. Nilikuwa upande wa kufunga ziwa, na bado nipo. Ziwa lilipofunguliwa, kila aliyepita na ndoo iliyojaa nilimwonyesha wenzangu: mnaona! Miezi mitatu nilikuwa nawacheka watu wa "tangu", na sasa mimi ndiye mwenye "tangu lifungwe". Ndoo ile ilikuwa inathibitisha kidogo mno. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi huvuma juu ya ziwa hili na kuyakoroga maji yake, ukipandisha juu rutuba ya chini ambayo ndiyo huanzisha mlolongo wote wa chakula cha samaki. Mavuno ya baada ya Agosti yangeweza kuwa mazuri kwa sababu ya upepo tu. Halafu, mitumbwi yote ikiingia ziwani siku moja baada ya kukaa miezi mitatu, lazima ndoo zijae. Ili niseme kitu cha maana nilipaswa kulinganisha miezi ileile ya miaka kadhaa iliyopita, kwa idadi ileile ya mitumbwi. Sikufanya hivyo. Ninachoweza kutetea ni njia yenyewe: dagaa hukomaa kabla ya kutimiza mwaka, kwa hiyo miezi mitatu kwao si kitambo kidogo. Hiyo ni hoja. Ndoo ilikuwa shangwe.

Kijiwe kina wazee, na wazee wana silaha yao: "Tangu nizaliwe sijawahi kuona." Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni hadi kumeza nyumba na miti ya ufukweni, niliambiwa na watu watatu wenye mvi kwamba haijawahi kutokea. Nawaheshimu, na sidhani walidanganya. Lakini umri wa watu watatu kijiweni ni dirisha dogo kwa ziwa lenye umri wa mamilioni ya miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji yalipanda sana. Na miaka ya 1870 yalikuwa juu zaidi, mita kadhaa kuliko leo, hadi mwishoni mwa miaka hiyo yakavunja njia kwenye Mto Lukuga upande wa Kongo na ziwa likaanza kushuka. Ndiyo maana ukienda kwenye ukumbusho wa mwembe hapa Ujiji, walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871, unatazama huku na huku ukijiuliza ufuko uko wapi. "Sijawahi kuona" ni ushahidi kuhusu macho yangu kwanza, kuhusu dunia baadaye.

Ndugu wa hoja hiyo hupanda Liemba. "Vitu vya Wajerumani vilikuwa vitu. Tazama Liemba, zaidi ya miaka 100, nitajie meli ya siku hizi itakayofika huko!" Ni kweli meli hiyo ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma na kuingizwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Ila tunaitazama hiyo kwa sababu ndiyo iliyobaki. Mashua, majahazi na mashine zote za umri wake zilizooza, zilizokatwa vyuma chakavu na kusahaulika hazina anayezielekezea kidole. Kitu ambacho hakipo hakiwezi kutoa ushahidi. Na hata Liemba haikubaki kwa ugumu wake tu. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina jipya, na miaka ya 1970 ikatolewa mitambo ya mvuke ikawekwa ya dizeli. Ukiitaja kama ushahidi wa uimara wa zamani, uitaje pia kama ushahidi wa matengenezo.

Kuna hoja zisizogusa jambo kabisa, zinamgusa mtu. Ofisa wa uvuvi alipokuja kueleza sababu za kufunga, swali la kwanza halikuwa kuhusu samaki. Lilikuwa: "Wewe umekulia Dodoma, kuogelea unajua?" Watu wakaanguka vicheko na hoja yake ikazama bila kuguswa. Mtu asiyejua kuogelea anaweza kuwa amehesabu mayai ya samaki vizuri kuliko sisi sote. Lakini tusiifanye hii kuwa sheria ya kitoto kwamba hali ya msemaji haihusu kamwe. Inategemea anakuomba nini. Akisema "hizi hapa takwimu, zikague", basi zikague, awe mlevi au mtakatifu. Akisema "niamini mimi", ameshajiweka mwenyewe mezani, na una haki ya kuuliza anapata faida gani, aliwahi kusema nini mwaka juzi, na alikuwepo au hakuwepo.

Vivyo hivyo na ile ya "mbona Wakongo wanavua?" Kwenye vitabu vya mantiki huwekwa kwenye kapu la hoja mbovu: kosa la mwingine halisafishi langu. Kama tunazungumzia wajibu, ni kweli. Mtoto aliyekamatwa na kokoro hawezi kujitetea kwamba na jirani analo. Lakini Kongo ina takriban asilimia 45 ya ziwa hili, Tanzania 41, Burundi na Zambia zinagawana kilichobaki, na samaki hawana pasipoti. Kama upande mmoja ukipumzika na mwingine usipumzike, tunayo haki ya kuuliza kama mapumziko yetu yataleta kitu. Sentensi ileile, mdomo uleule: ikitumika kukwepa wajibu ina ufa, ikitumika kuhoji matokeo ni nzima. Nimeona vijana waliosoma mantiki kidogo wakiipiga rungu kila inapotokea, bila kuuliza inajibu swali gani.

Kumvalisha mwenzako maneno sitakaa nako sana, kila mtu amekuona nyumbani kwake. Mtu anasema "tupumzishe ziwa miezi mitatu", anajibiwa "kwa hiyo unataka watoto wetu wafe njaa". Dawa ni kurudisha maneno: "Nimesema miezi mitatu." Na utelezi nao, kwamba leo miezi mitatu, kesho sita, keshokutwa ziwa limeuzwa, unataka kuulizwa hatua moja moja. Wakati mwingine hatua zipo. Mara nyingi mtu ameruka kutoka ngazi ya kwanza hadi darini.

Uchaguzi wa mambo mawili ndio ulionipotezea marafiki. "Sema moja: dagaa wamemalizwa na wavuvi au na joto la dunia?" Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yamepata joto, kwamba joto hilo limepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, na kwamba chakula cha samaki kimepungua. Mwaka 2006 wengine wakajibu kwamba takwimu za mavuno zinaelezwa zaidi na mabadiliko ya uvuvi wenyewe. Mwaka 2016 utafiti wa matope ya chini ya ziwa ukaonyesha kwamba kupungua kulianza kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza katikati ya karne iliyopita. Wanasayansi hao wanagombania uzito wa kila chanzo. Kijiwe kiligombania chanzo kimoja, kana kwamba mtu hawezi kuwa na malaria na deni kwa wakati mmoja. Ziwa linaweza kupata joto na kuvuliwa kupita kiasi, na moja likazidisha ubaya wa lingine.

Nikifikiria mtego huo hunijia Tabora, mji ambao treni yetu lazima iupitie. Mkutano mkuu wa TANU wa Januari 1958 ulikaa pale na swali lililoonekana kuwa na milango miwili tu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu, ambapo mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Kushiriki kulionekana ni kuukubali ubaguzi; kususia ni kuwaachia wengine baraza. Nyerere alikwenda kupima maungio: je, kushiriki ni kukubali kweli? TANU ingeweza kuingia na kuwaunga mkono Wazungu na Waasia waliokuwa upande wake. Mkutano ukakubali, Zuberi Mtemvu akakataa na kuondoka kuanzisha chama chake, na katika uchaguzi wa 1958 na 1959 waliosimama kwa kuungwa mkono na TANU wakazoa karibu kila kitu. Wasioridhika hawakuwa wajinga. Kila walichokisema kuhusu kura tatu kilikuwa kweli. Kilicholegea kilikuwa "kwa hiyo" yao.

Sisi Waswahili tuna ufa wetu wa nyumbani ambao sijauona kwenye orodha ya Aristotle: methali kufunga mjadala. Ukitaka kuharakisha unatupiwa "haraka haraka haina baraka". Ukitaka kusubiri, "ngoja ngoja huumiza matumbo". Zote zina hekima, na ndiyo sababu hakuna inayoweza kuamua peke yake. Lazima kwanza uonyeshe kwamba jambo lililo mbele yetu ni la kungoja au la kuharakisha, na ukishaonyesha hivyo methali imebaki pambo. Mbaya kuliko zote ni "lisemwalo lipo, kama halipo laja". Uvumi ukiwa kweli, methali imeshinda. Ukiwa uongo, bado uko njiani. Ni masharti ya mganga yaliyovaa kanzu. Kwa methali hiyo nimeona jirani akinyimwa salamu mwaka mzima.

Mwisho kuna ufa unaowanasa walioanza kuzijua nyufa. Nao ni kudhani kwamba ukiivunja hoja ya mtu, umeuvunja na msimamo wake. Hoja mbovu haigeuzi hitimisho kuwa uongo. Inaliacha bila nguzo, likisubiri nguzo nyingine.

Nilijifunza hilo kwa mzee mmoja aliyevua tangu enzi za karabai. Alisema dagaa wamepungua kwa sababu ya dhambi za watu. Nikamkalisha, kwa adabu, nikamweleza "tangu", nikamweleza jogoo, nikamuuliza ni dhambi gani, iliongezeka lini, na je, Zambia hawatendi dhambi. Vijana walipiga makofi. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Sawa mwanangu, umenizamisha. Sasa niambie, dagaa wamepungua au hawajapungua?"

"Wamepungua, mzee."

"Basi," akasema, na kumwashiria muuza kahawa aniongezee.